Kilima cha Kurudisha

Jumatatu, 4 Machi

Wageni wa mazungumzo ya amani wamefika, na mvua ya kwanza ya msimu imefika nao. Matope yote ya barabarani sasa yako kwenye ukumbi wangu, humu katika nyumba ya wageni ninayoitunza. Wajumbe wa kwetu nimewapa vyumba vya mbele. Wa ng'ambo ya mto nimewapa vya nyuma, vinavyotazama kamba za kuanikia nguo. Wizara ilisema vyumba viwe na hadhi sawa. Ni sawa, isipokuwa magodoro ya nyuma yamechoka. Sioni haya. Watu waliofunga daraja wasitegemee kulala kwangu kama mabwana harusi.

Vita vyenyewe ni vya daraja. Naandika hapa ili nisisahau, maana redio imeanza kuongeza mengine. Zamani watu wa kingo zote mbili walivuka mto kwenda kuuza, kuoa na kuzika. Ng'ambo wakafunga geti. Serikali yetu ikasema jeshi litalifungua, na jeshi likaenda. Kitinda, mwanangu wa mwisho, akaenda nalo. Mazungumzo haya yakifaulu, mwanangu anarudi nyumbani. Mengine yote ya siasa wabaki nayo wenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mfereji wa nyuma umeziba. Wanazungumza ukumbini, mlango umefungwa.

Jumamosi, 9 Machi

Sasa nawajua. Kiongozi wa ujumbe wetu ni Wakili, mtu wa tai na maneno marefu, anayeacha taulo sakafuni kama mtoto. Pembeni yake yupo Kanali, mshauri wa mambo ya vita. Huyu ni mtu na nusu. Anatandika kitanda chake mwenyewe, ananiita Mama, na nilipomwambia nina mtoto Kikosi cha Tatu, alisimama na kunipa mkono. Akaahidi kuniulizia hali yake.

Kiongozi wa ng'ambo alikuwa mwalimu wa shule, na ndivyo wote wanavyomwita. Mwalimu hataki tumfulie soksi. Aliomba ndoo na sabuni, akajifulia, akaanika dirishani soksi zikidondosha maji ukutani kwangu. Nikampa vidonge vyake. Akasema, "Samahani mama, nimezoea." Mtu asiyetuamini hata na soksi, daraja atatuaminije?

Jumanne, 12 Machi

Wasuluhishi wanaoongoza mazungumzo waliweka utaratibu kwamba kila asubuhi pande zote mbili zinywe chai pamoja, na asiguse mtu kikombe mpaka wote wawe wamekaa. Walifikiri hivyo watazoeana. Leo Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mpishi hapa, amenivuta pembeni ya jiko.

"Shemeji, umeona wanavyochelewa kwa zamu?"

"Wavivu tu."

"Uvivu gani? Hebu angalia vizuri. Waliopata habari nzuri kutoka vitani usiku ndio wanaochelewa. Wanawaacha wenzao wakodolee macho chai inayopoa. Jana wa kwetu walichelewa, na mchana redio ikatangaza tumeteka kijiji."

Nilimwambia aache umbea apike. Lakini nimekwenda kukaa mahali ninapouona mlango wa chumba cha chai.

Jumatano, 13 Machi

Wa kwetu wamechelewa. Nimelala mchana kidogo, usingizi mzuri.

Ijumaa, 15 Machi

Wa ng'ambo wamechelewa, tena sana. Wakili alikuwa akigonga meza kwa kijiko. Kanali alitazama dirishani, hakunisalimia. Nilimwaga maziwa. Shemeji alinipokonya birika, akasema niende nikakae. Sikuweza kukaa. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumanne, 19 Machi

Nimeanza kuwaelewa, na ninavyowaelewa ndivyo roho inavyoniuma. Tukishinda, Wakili anasema haraka ya nini, sasa tunaweza kudai zaidi. Tukishindwa, anasema hatuwezi kusaini wiki hii, wataona tunaomba huruma. Na wale wa nyuma, kupitia dirisha la stoo, nawasikia wakisema hayohayo kwa lafudhi yao.

Nimemuuliza Shemeji tutasaini lini basi, kama hatusaini tukishinda wala tukishindwa.

"Siku tukitoka sare," akasema. "Ila tatizo ni kwamba vita havina refa."

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Kitinda ndiye aliyekuwa akinichekesha hivyo.

Jumatano, 27 Machi

Leo wamepiga makofi! Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya kusugulia ukumbi, nikaiweka chini, nikasimama nikisikiliza kama mwizi. Wamekubaliana juu ya daraja. Litafunguliwa kwa wote, geti litaondolewa, askari wa pande zote mbili watarudi nyuma. Wakili alitoka ameshikana mkono na Mwalimu. Mvua ilikuwa inanyesha na jua limetoka, na mimi nililia mbele za watu, sikujali.

Limebaki jambo moja tu, ofisi ya forodha iliyo kwenye ukingo wa ng'ambo. Wa kwetu wanataka maofisa wetu wakae mle pamoja na wa kwao. Wa ng'ambo wanakataa. Jambo dogo. Nyumba yenyewe ina vyumba viwili na bati lake linavuja, niliwahi kupanga foleni pale mara nyingi.

Nimetoa shuka za Kitinda sandukuni nimezianika. Hazikauki na mvua hii, lakini nimezianika.

Jumapili, 31 Machi

Mvua. Forodha.

Jumanne, 2 Aprili

Forodha tena. Mwalimu ana kikohozi. Nimemhamishia godoro zuri, nikamwambia Shemeji asithubutu kunitania.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo ni lazima niandike yote.

Saa kumi jioni niliwapelekea chai Kanali na Wakili kwenye chumba kidogo cha mbele. Watu wakubwa wakishazoea mtumishi hawamwoni tena. Niliingia, nikamimina, na wao wakaendelea kama vile limeingia kabati.

"Kile Kilima cha Mnara sisi hatukihitaji," Wakili alikuwa akisema. "Hakioni daraja, hakioni barabara. Kina mbuzi na mnara wa simu. Na kwenye rasimu tumeshakubali kibaki kwao."

"Hatukihitaji sisi," Kanali akajibu. "Wao ndio wanakihitaji. Mnara ni wao, na wazee wao wamezikwa chini yake. Tunakichukua ili tuwe na cha kurudisha. Wakikitaka, watatupa nafasi kwenye forodha."

"Tunakichukua halafu tunakirudisha."

"Ndiyo. Wiki mbili, tatu hivi."

"Nani atapanda?"

"Kikosi cha Tatu. Wako karibu."

Chai ilijaa kikombe, ikajaa sahani, ikamwagika mezani. Hapo ndipo waliponiona.

Wakili alijifanya kusoma. Kanali alinifuata hadi kwenye korido. Nilimwambia, "Mwanangu yuko Kikosi cha Tatu. Wewe unajua. Ulinipa mkono."

"Najua, Mama."

"Unampandisha mlimani akachukue kitu ambacho mmeshaamua kukirudisha?"

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alisema, "Mama, hatupigani ili tupige tu. Mapigano yasipoleta kitu hapa mezani, hayo ndiyo mauaji ya bure. Miezi yote hii vijana wamekufa na meza haijasogea. Bila kile kilima hawa watatuzungusha na forodha mpaka kiangazi. Huko njiani watakufa wangapi? Kilima kimoja, mara moja, na Kitinda anarudi nyumbani. Mimi nataka arudi kama unavyotaka wewe."

Nilimpisha apite. Kibaya zaidi, nusu yangu ilikuwa imekubali. Nimerudi jikoni nikiwa namchukia, na bado namwona ni mtu mwenye akili kuliko wote humu ndani. Sikujua moyo wa mtu unaweza kubeba yote mawili.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefikiria kumwambia Mwalimu. Nikimwambia, watawawekea vijana wetu mtego pale kilimani. Nisipomwambia, watapanda. Kila upande ni ukuta.

Mwishowe nilikwenda kubadilisha mito chumbani kwake, nikamuuliza tu, kama mama yeyote angeuliza, "Mwalimu, hiyo forodha mtaikatalia mpaka lini?"

Alikuwa amekaa kitandani na shuka mabegani, anakohoa.

"Hatuikatai tena, mama. Tulishakubali kuwapa chumba kimoja. Tutawaambia wiki ijayo."

"Kwa nini wiki ijayo? Kwa nini si sasa hivi?"

"Wakubwa wangu wanasema tukikubali upesi tutaonekana tumetishika. Lazima tukae kidogo."

Niliacha mito sakafuni. Nilikimbia, mimi na miguu yangu hii, hadi chumba cha mbele, nikagonga bila adabu. Nikamwambia Kanali, chumba kimoja mnapewa, wiki ijayo, simamisha hao vijana.

Kanali alinikalisha. Akaniuliza maneno yenyewe yalivyosemwa, mara mbili. Kisha akasema, "Unaona? Wameona tunajikusanya, ndiyo maana wanalegea. Tukisimama sasa, watakaza tena."

"Baba, nakuomba."

"Amri imetoka, Mama. Haiko mkononi mwangu."

Kwa hiyo wa ng'ambo wanangoja wasionekane waoga, na wa kwetu wanapiga kwa sababu wale wanangoja. Na mtoto wangu yuko katikati, amelowa.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua kubwa. Wote wamewahi chai. Hakuna anayejua kitu.

Jumatano, 10 Aprili

Wote wamewahi.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo wa ng'ambo walikaa mezani peke yao, chai ikapoa, ikabadilishwa, ikapoa tena. Walipoingia wa kwetu, Kanali alikuwa amepiga pasi sare yake, viatu vinang'aa. Mwalimu alisimama kabla hajasalimiwa.

"Kilima mmekipata," akasema. "Na forodha tulikuwa tunawapa. Nilikuwa na ruhusa mfukoni. Sasa nyumbani kwangu nikitamka neno forodha nitapigwa mawe."

Hakuna aliyekunywa. Nilitoa vikombe vimejaa kama nilivyovipeleka. Wakili alikuwa ameinamisha kichwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Hakuna habari ya Kitinda. Nimemuuliza Kanali, akasema majina bado.

Jumapili, 14 Aprili

Hakuna habari. Shemeji amepika, hakuna aliyekula jikoni. Ameacha kutania.

Jumatatu, 15 Aprili

Yu hai! Amepiga simu mwenyewe. Simu inashika vizuri kule juu kwa sababu ya ule mnara. "Mama, ni mimi," alisema, na mimi nikapiga kelele mpaka wajumbe wa pande zote mbili wakatoka vyumbani. Mwalimu naye alikuwa pale kwenye korido, na aliposikia, akatikisa kichwa kwa furaha. Nimeiona furaha hiyo kwa macho yangu. Alinipa hongera yule mtu, siku tatu baada ya watu wake kufa pale.

Baadaye nilimuuliza Kitinda hali ya wenzake. Akasema Mrefu amekufa. Huyo ndiye aliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa tangu mafunzo, aliyekuwa akija kwangu likizo na kugonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango kila mara, tukamcheka kila mara. Wamekufa wengi. Gari haziwezi kupanda kwa matope, kwa hiyo wamewazika palepale.

"Mnara uko juu yao, Mama," alisema. "Tumewapanga vizuri."

Alhamisi, 18 Aprili

Wasuluhishi wanafanya kazi usiku na mchana. Wanawabembeleza wa ng'ambo wakae. Wamekaa.

Jumatano, 24 Aprili

Wamesaini. Daraja wazi, forodha pamoja, Kilima cha Mnara kirudishwe kwa wenyewe kabla ya Jumapili. Kanali alikuwa sahihi kwa kila kitu. Aliyosema yote yametimia, neno kwa neno. Alinitafuta jikoni, akasema, "Nilikuahidi, Mama." Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, na nilimaanisha. Mrefu nilimsahau kwa muda ule wote wa kushukuru.

Nimetandika kitanda cha Kitinda.

Jumamosi, 27 Aprili

Kanali ameingia jikoni leo bila kofia. Shemeji akajiondoa mwenyewe.

"Mama, wamekataa kushuka."

"Nani?"

"Vijana wa kilimani. Kamanda wao amepeleka amri mara tatu. Wanasema hawawezi kuwaacha wenzao kwenye ardhi ya adui. Na anayewasemea ni Kitinda." Akanyoosha simu. "Ukiongea naye atakusikia. Wasiposhuka kufika kesho, wa ng'ambo watapanda wenyewe, na yote tuliyosaini yamekwenda na maji."

Nikaichukua. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikaifuta kwenye kanga.

"Kitinda, mwanangu. Shuka. Shuka uje nyumbani."

"Shikamoo, Mama." Sauti ilikuwa nzito, sio ile niliyomlea nayo. "Kanali yuko hapo, siyo?"

"Yupo. Lakini ninayesema ni mimi. Vita vimekwisha, baba. Daraja limefunguliwa. Si hilo tulilolitaka?"

"Mimi daraja sijaliona. Mimi nimeona hiki kilima." Nilisikia upepo kule, na mtu akikohoa karibu yake. "Mama, nikuulize. Nikishuka, nikawaachia adui hapa, Mrefu atakuwa amekufa kwa ajili ya nini?"

Kanali alikuwa ananitazama. Nilikuwa na majibu mengi ambayo mama mwingine angempa. Kwamba alikufa kwa ajili ya nchi. Kwamba Mungu ndiye anajua. Lakini nilikuwa nimechoka na watu wanaozunguka, na nikawaza, huyu ni mtoto mwenye akili, akijua ukweli ulivyo mdogo ataona hakuna cha kufia pale juu. Ataona ni kilima tu, mbuzi na mnara. Atashuka. Niliamini hivyo kabisa.

Nikamwambia, "Hamkutumwa mkishike, mwanangu. Hakuna aliyekuwa na haja nacho. Walikichukua ili wawe na cha kurudisha. Nilisikia kwa masikio yangu, kabla hamjapanda. Kazi yenu imeshaisha. Njoo nyumbani."

Katika yote hayo alidaka neno moja tu.

"Ulijua kabla hatujapanda?"

"Niliomba wasiwapeleke. Niliwaomba, Kitinda."

"Walituhesabu ni chenji," akasema. Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake, si kwa kelele, taratibu kabisa, kile nilichomwambia. Kulikuwa na sauti nyingi. Akarudi kwenye simu.

"Kama ni hivyo, Mama, basi hakirudi."

Akakata.

Kanali alipokea simu yake. Ilikuwa na unga, hakuifuta. "Umemwambia nini?" aliniuliza.

"Nimemwambia ulichoniambia wewe."

Jumatatu, 29 Aprili

Wa ng'ambo wameondoka asubuhi. Mwalimu alikuja kuniaga akiwa ameshika mkoba wake, tukatazamana tu, kwa kuwa watu wake walikuwa wameanza kupanda kilima tangu jana na mwanangu yuko juu. Alisema, "Nitamwombea." Nikasema, "Nami nitawaombea wa kwako." Sote wawili tulijua maombi hayo yanapingana.

Redio ya mchana imesema jeshi letu shujaa halitaachia hata shubiri moja ya Kilima cha Mnara, ambako damu ya vijana wetu imemwagika. Wakili ndiye aliyekuwa akihojiwa. Alisema kilima hicho ndicho moyo wa vita hivi tangu mwanzo. Shemeji alisubiri ataje daraja. Taarifa imekwisha hajalitaja.

Nimepiga simu ya Kitinda tangu alfajiri. Inaita, haipokelewi. Kanali anasema huenda anaokoa chaji, na mimi nimekubali kuamini. Wanangu wengine wananiambia kwamba si kosa langu. Labda si kosa langu. Lakini alikuwa na mguu mmoja tayari kwenye njia ya kushuka, nilisikia hivyo alipokuwa akiniuliza, alitaka apewe sababu yoyote ya kumwacha Mrefu pale, hata ya uongo. Mimi mama yake nikampa ya kweli.